Historia ya Maneno Madogo ya Kiingereza

Msomaji, mwanafunzi ajifunzaye Kiingereza huogopa maneno marefu. Alionapo neno la herufi kumi na tano hukimbilia kamusi, na kwa kuwa amelitafuta kwa taabu, hulikumbuka. Lakini maneno madogo kama 'take' na 'set' huyapita kama mtu apitavyo kokoto za njiani, akidhani kwamba anayajua. Mara nyingi ni hayo yamwangushayo katika mtihani, au katika barua ya kuomba kazi. Dharau hii si ya wanafunzi peke yao. Waingereza wenyewe waliwahi kuwa nayo, na habari zake zafaa kujulikana.

Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa mjini London kamusi iliyomletea sifa kubwa. Hakutosheka na kueleza maana ya neno. Aliweka chini yake sentensi za waandishi wa Kiingereza, ili neno lionekane likifanya kazi. Alipofikia 'take', alikuta kwamba kitenzi hicho kifupi kina matumizi zaidi ya 100.

Miaka mia moja baadaye, mwaka 1857, chama cha wataalamu wa lugha kilichoitwa Philological Society kilianza kufikiria kamusi kubwa zaidi. Ilihitaji sentensi nyingi mno, hata watu wa kila namna wakaombwa wasome vitabu na kunakili sentensi juu ya vikaratasi, pamoja na jina la kitabu na tarehe yake. James Murray, mwalimu wa shule, alipokabidhiwa kazi hiyo mwaka 1879, alijenga kibanda cha mabati karibu na nyumba yake, akaanza kupanga vikaratasi vilivyokwisha kukusanywa.

Hapo ndipo kasoro ilipofichuka. Wasomaji walikuwa wamenakili maneno ya ajabu na kuyaacha ya kila siku. Neno 'abusion', ambalo Waingereza wengi leo hawalijui, lilikuwa na vikaratasi 50 hivi. Neno 'abuse', lijulikanalo na wote, havikufika 5. Nani ajisumbuaye kunakili neno alilolizoea? Ikawapasa Murray na wasaidizi wake kupoteza saa nyingi wakitafuta sentensi za maneno ya kawaida, na kuwaomba wasomaji wasiyadharau tena. Murray alifariki mwaka 1915, kazi ikiwa haijaisha. Ilimalizika mwaka 1928, ikiwa na sentensi zaidi ya 1,800,000, na neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa 'set'.

Sababu yake utaiona kwa kupima Kiingereza na Kiswahili. Kwetu jua huchwa, mtego hutegwa, meza huandaliwa, mfupa uliovunjika huungwa, na mtihani hutungwa. Hivyo ni vitenzi vitano. Mwingereza kote humo aweza kutumia 'set' peke yake. Basi atakayekariri maana moja ya neno hilo amelijua kwa sehemu moja tu, na sehemu nyingine zitamfumania.

Hata hivyo kamusi ya Murray haikuandikwa kwa ajili ya wageni. Mwingereza amezoea tangu utotoni jinsi neno liungwavyo na jingine. Mgeni hana budi kufundishwa. Msaada huo ulitoka Japani, ambako A. S. Hornby alikwenda kufundisha katika miaka ya 1920. Yeye na wenzake, E. V. Gatenby na H. Wakefield, walitunga kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza zikipigana vita. Kamusi hiyo ilionyesha, pamoja na maana ya kitenzi, namna sentensi yake ijengwavyo. Twasema 'I want to read', lakini 'enjoy' hukataa 'to', na ni lazima tuseme 'I enjoy reading'. Katika Kiswahili, 'nataka kusoma' na 'nafurahia kusoma' ni ujenzi mmoja. Ndiyo maana wengi wetu huandika 'I enjoy to read', wakakosa bila kujua wamekosa wapi. Mwaka 1948 Oxford University Press iliichapa kamusi hiyo upya, na matoleo yaliyotokana nayo yangali yakitumika hata katika shule za Kenya.

Nawe, msomaji, waweza kufanya kama wale wanakili wa zamani. Weka daftari. Ukutanapo na neno dogo katika kitabu kizuri, usiandike neno na maana yake tu. Nakili sentensi nzima, kisha utunge yako kwa mfano wake. Siku utakapolikuta neno lile lile katika kazi nyingine, liandike tena chini ya lile la kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, na kamusi ile kubwa ilijazwa kwa njia hiyo hiyo, kikaratasi kimoja kimoja.