Udongo wa Babu na Watu wa Kupima Mafuta

Zamani kwetu Ituri, mgeni mwenye kutaka kulima hakuanzia biro. Alikwenda kwa mkubwa wa ukoo, wazee wakaitwa, mipaka ikaonyeshwa mbele ya mashahidi. Alipewa kutumia udongo, hakupewa kuumiliki.

Leta ikaja na sheria zake. Sheria ya Bakajika ya 1966 iliirudishia haki zote juu ya udongo, misitu na madini. Ile ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo ni mali ya Leta peke yake. Kwa udongo wa desturi iliahidi ordonansi. Miaka ikapita mingi bila kuiona.

Halafu habari ya mafuta ikafika Ziwa Albert. Uganda waliyapata mwaka 2006. Tarehe 3 Agosti 2007, wakati wa kupima ziwani, mfanyakazi Mwingereza aliuawa kwa risasi pale mpakani. Tarehe 8 Septemba Kabila na Museveni wakatia sahihi mapatano ya Ngurdoto, Tanzania. Mwaka 2010 bloku 1 na 2 za upande wetu zikapewa kompani Caprikat na Foxwhelp. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba chini kuna mapipa kama milyari 3.

Kupima si kuchimba. Wanatikisa udongo, mtikisiko unashuka, unagonga mawe ya chini na kurudi, vyombo vinauandika. Lakini ili vyombo vipite, njia inakatwa: ndani ya mihogo, pengine karibu na makaburi.

Sasa, jamaa yenye konsesyo iliyopangisha kwa mtu mwingine ifanye nini? Mafuta si yake, ni ya Leta, kuyakataza haiwezi. Ila mihogo, miti na makaburi yana wenyewe. Mpangaji akitia sahihi peke yake, au ndugu mmoja akila pesa ya wote, hapo ndipo moto unawaka. Nasi tunaujua moto huo: mwaka 1999 ugomvi wa mashamba huko Djugu ulizaa vita.

Kwa hiyo tunaona desturi ya wazee bado ina kazi. Kabla ya kujibu ndiyo, ukoo ukae pamoja na mpangaji na majirani, utembee mipaka, uhesabu miti na makaburi, uandike yote, kila upande ubaki na kopi. Zamani shahidi alikuwa macho ya wazee. Leo tumwongezee karatasi, tusimfukuze mzee.