Heroini na ubongo

Heroini ni dawa ya kulevya ya jamii ya afyuni, inayotengenezwa kutokana na mofini ya utomvu wa mpopi. Mkemia C. R. Alder Wright aliitengeneza London mwaka 1874, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaiingiza sokoni kama dawa ya kikohozi. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki huitwa unga na huuzwa kwa kete.

Heroini yenyewe haina nguvu kubwa. Sifa yake ni mbio. Huyeyuka kwenye mafuta kuliko mofini, hivyo hupenya upesi utando unaotenga damu na ubongo, na ikishaingia hugeuka kuwa mofini. Mofini nayo hushika vipokezi vya seli za neva ambavyo havikuwekwa kwa ajili yake. Vipokezi hivyo vilithibitishwa maabarani mwaka 1973. Miaka miwili baadaye John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, wakatambua enkefalini, kemikali za mwili wenyewe zinazovitumia kutuliza maumivu.

Athari hutegemea vipokezi viko wapi. Kwenye uti wa mgongo, taarifa za maumivu huzuiwa zisipande. Katikati ya ubongo, mofini huzinyamazisha seli zinazozuia zile za dopamini. Dopamini humwagika, na ubongo hulihifadhi tukio hilo kama jambo la kurudiwa. Utumbo hupunguza mwendo, choo kikawa cha shida. Mboni za macho husinyaa hata gizani. Penye hatari zaidi ni kwenye shina la ubongo panapoendeshwa pumzi: seli za hapo huacha kushtuka kaboni dayoksaidi inapojaa kwenye damu, na aliyezidisha kipimo huacha kupumua akiwa usingizini.

Arosto, yaani makali ya kukosa unga, inaanzia kwenye seli nyingine. Kwenye shina hilo hilo la ubongo kuna seli za noradrenalini zinazomweka mtu macho na tayari. Heroini huzikandamiza kila siku, nazo huzidisha juhudi, mithili ya dereva anayekanyaga mafuta huku breki ya mkono imevutwa. Unga ukikatika, breki imeachiwa ghafla. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho huanza miayo, machozi na makamasi, kisha vinyweleo kusimama, kuhara, mifupa kuuma na usingizi kukimbia. Makali hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Mraibu anayesema havuti tena kwa raha, bali ili aweze kuamka, anaeleza hali yake kwa usahihi kuliko wengi wanaomhubiria.

Mwili ukizoea huhitaji kipimo kikubwa zaidi, lakini mazoea hayo hupotea kwa wiki chache za kuacha. Ndiyo maana baadhi ya wanaotoka gerezani au kwenye nyumba za kurekebisha tabia hufa kwa kurudia kiasi kile kile cha zamani.

Methadoni hushika vipokezi hivyo hivyo, ila huingia taratibu na hudumu takriban siku nzima, kwa hiyo huzuia arosto bila kuleta nishai. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Wanaoiita kubadilisha ulevi kwa ulevi hawajatazama kasi, na kasi ndiyo yenye uzito hapa. Mgonjwa anayetibiwa pia kifua kikuu aseme mapema, kwani rifampisini hulifanya ini liivunje methadoni haraka na arosto humrudia huku dozi haijabadilika.

Naloksoni, dawa ya dharura kwa aliyezidisha kipimo, huing'oa mofini kwenye vipokezi na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Nguvu yake, hata hivyo, inaweza kuisha kabla ya ile ya heroini. Aliyedungwa naloksoni apelekwe hospitali hata kama ameamka na anasema amepona.