Simu isiyoogopa maji, na safari yake kutoka huku hadi kwetu

Kila mtu anayejua niko Guangzhou ana ombi lile lile: "Dada, tutafutie simu ngumu, inayovumilia maji, isiwe ya bei mbaya." Leo nawajibu wote kwa pamoja, ila itabidi mvumilie historia kidogo, maana jibu limo humo humo.

Tuanze na simu ya tochi. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, na duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja ili vumbi lisipenye. Haikuwa ya kuzamisha majini, lakini kwa barabara zetu za vumbi ilifaa sana.

Miaka hiyo simu nyingi za kwetu zilipitia Hong Kong, kwenye jengo la Chungking Mansions. Gordon Mathews, mtafiti aliyeandika kitabu juu ya jengo hilo mwaka 2011, alikadiria kwamba hadi simu moja kati ya tano zilizotumika Afrika kusini mwa Sahara zilipitia pale. Zilikuwepo mpya, feki, na "simu za siku 14", yaani zilizorudishwa dukani na wateja wa Ulaya.

Mwaka 2007 China iliondoa leseni maalumu ya kutengeneza simu, na viwanda vidogo vikafumuka kama uyoga. Simu zao waliziita shanzhai, maana yake ngome ya mlimani, kama maficho ya majambazi wasiotii serikali. Zilikuwa na laini mbili, spika za kupasua masikio, nyingine hata na antena ya televisheni! Wafanyabiashara wetu wakazibeba kwa mabegi. Lakini hakuna aliyeuliza kuhusu maji.

Wakati huo huo simu ikawa mkoba wa pesa: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Simu ikifa maji hela haipotei, ila huigusi mpaka laini uiweke kwenye simu nyingine. Kwa mama muuza samaki, hiyo ni siku nzima ya biashara. Halafu serikali nazo zikaingia: Kenya ilizima simu feki kuanzia mwisho wa Septemba 2012, na kwetu TCRA ikafanya hivyo Juni 2016. Ndipo watu wakajifunza kubonyeza *#06# ili kuona namba ya IMEI kabla ya kulipa.

Sasa kuna namba nyingine ya kujifunza, nayo ni IP. Kipimo hiki ni cha kimataifa, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1976 kwa ajili ya vifaa vya umeme. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa, na simu inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. IP68 ni zaidi ya hapo, kina anataja mtengenezaji mwenyewe. IP54 ni ya kurushiwa matone tu, msiizamishe! Zamani namba kubwa zilikuwa za matajiri, lakini Moto G ya mwaka 2015 ilistahimili kuzama kwa bei ya kawaida, na Samsung Galaxy A52 ya mwaka 2021 ilikuja na IP67.

Hapa ndipo watu wanapoingizwa mkenge. Guangzhou kuna soko la Dashatou, maarufu kwa simu zilizotumika. Utakuta simu ya jina kubwa, IP68, bei sawa na simu mpya ya kati. Inavutia! Lakini kinachozuia maji ni gundi na vipande vya mpira ndani yake. Simu ikishafunguliwa kubadilishwa kioo au betri, namba ile haina uhakika tena mpaka izibwe upya vizuri. Hata isipofunguliwa, mpira huchoka kwa umri na kwa kudondoshwa. Namba inaeleza simu ilivyotoka kiwandani, basi.

Na ndugu zangu wa pwani, kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung faini ya dola milioni 14 za huko, kwa matangazo yaliyowafanya wateja waamini simu zake zinafaa kutumika baharini na kwenye mabwawa ya kuogelea. Chumvi hula sehemu ya kuchajia. Ikidumbukia, isuuze kwa maji safi na msiichaji mpaka ikauke kabisa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kwa hela ya kati, chukueni simu mpya ya daraja la kati yenye IP67, iliyofungwa kwenye boksi lake, kuliko ya kifahari iliyokwisha funguliwa. Someni namba ya IP kwenye maelezo ya mtengenezaji, msisikilize maneno ya muuzaji. Zilizotengenezwa kwa soko la China mara nyingi hazina Play Store, kwa hiyo ulizeni kwanza. Na hata ikiwa na IP68, mkienda na ngalawa itieni kwenye mfuko wa plastiki.