Kuhama Bila Kufunga Mlango

Bila shaka, msomaji, umepata kuona watu wakihama nyumba. Siku hiyo hakipikwi chakula wala hakaribishwi mgeni. Shughuli zote husimama mpaka vyombo vifike. Je, mwenye duka linalohudumia wateja usiku na mchana atahamaje? Swali hili liliikabili kampuni ya Netflix ya Marekani.

Kampuni hiyo ilianzishwa California mwaka 1997. Hapo mwanzo ilikodisha filamu za DVD na kuzipeleka kwa wateja kwa njia ya posta. Kumbukumbu za kazi hiyo ziliwekwa katika kompyuta za kampuni yenyewe. Mwezi wa Agosti 2008 kumbukumbu hizo ziliharibika, na kwa muda wa siku tatu haikuweza kupeleka DVD kwa wateja wake. Filamu zilikuwapo, na wateja walikuwapo wakingoja. Kilichokosekana ni daftari. Ndipo wakuu walipokata shauri kuhamia kwenye kompyuta za Amazon, zilizo nyingi na zenye kutawanyika, ili moja ikianguka nyingine ishike kazi.

Sasa angalia jinsi uhamisho wa namna hii ufanywavyo. Kwanza kumbukumbu zote hunakiliwa, huku zile za zamani zikiendelea kutumika. Lakini wateja hawangoji. Wakati wa kunakili huongezeka mapya. Kwa hiyo kila badiliko huandikwa katika orodha, kisha hupelekwa upande wa pili, mpaka nakala ifuatane na asili kama kivuli na mwenyewe. Halafu pande mbili hulinganishwa. Zikipatana, uandishi husimamishwa kwa kitambo kidogo, mabadiliko ya mwisho huvushwa, na wateja huelekezwa upande mpya. Za zamani hazifutwi upesi. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Netflix ingeweza kubeba kila kitu kama kilivyokuwa, lakini ingebeba na kasoro zake. Ikachagua kujenga upya, sehemu baada ya sehemu, na kwa miaka kadhaa kompyuta za zamani na mpya zikafanya kazi pamoja. Sehemu ya malipo, ambamo kosa dogo humdhulumu mteja fedha zake, ilikuwa miongoni mwa za mwisho. Ilikamilika tarehe 4 Januari 2016. Siku mbili baadaye kampuni ikafungua huduma yake katika nchi 130 zaidi, Kenya ikiwa mojawapo. Safari nzima ilichukua yapata miaka saba.

Leo madaftari ya hospitali, benki na shule nyingi yamo katika mashine kama hizo. Huenda siku moja wewe ukapewa kazi ya kuyahamisha. Mgonjwa hatajua kwamba ulihama, wala mwenye akiba hatajua. Nao wakikosa kujua, hiyo ndiyo sifa yako.