Shindilia

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, kuli anapanda juu ya lori na kukanyaga marobota ya mitumba. “Shindilia!” anapigiwa kelele. Neno hilo ni la wawindaji pia. Gobore hujazwa kupitia mdomoni: baruti kwanza, kisha kitambaa, halafu marisau, na kila kimoja hushindiliwa kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma. Bunduki zinazojijaza zenyewe hazina kazi hiyo; chemba hupokea risasi nyingine mara tu ya kwanza inapotoka. Shindilia limepata kazi sokoni, na hata kwenye sahani ya ugali. Mdeki halikupata. Nalisikitikia, maana ni neno zuri na fupi.