Kivukoni: Mtaa Uliolizunguka Kanisa

Historia ya Kanisa la Azania Front haiwezi kuelezwa kikamilifu pasipo kueleza habari za Kivukoni, mtaa wa ufukweni mwa bandari ya Dar es Salaam ambao ndio jirani yake wa siku zote.

Zamani pwani hii ilikuwa ya wavuvi na wakulima. Washomvi na Wazaramo waliishi katika kijiji cha Mzizima, wakivua samaki na kufanya biashara ndogondogo na watu wa bara. Katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji mpya kando ya bandari, akauita Dar es Salaam. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuiendeleza kazi hiyo, na majumba mengi yakabaki magofu.

Mwaka 1887 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliingia mjini. Mwaka huohuo alifika mmisionari Johann Jakob Greiner, akaanzisha kituo kilichoitwa Immanuelskap. Watu wa pwani walipoinuka kuupinga utawala wa Kijerumani, kituo hicho kilishambuliwa mnamo Januari 1889. Kwa wenyeji wengi, mmisionari na mtawala walikuwa wageni wa meli moja. Hata hivyo, kituoni hapo watumwa waliokombolewa walipata hifadhi, na kuanzia mwaka 1892 kazi hiyo ilienea hadi Kisarawe.

Mwaka 1891 Dar es Salaam ilifanywa makao makuu ya koloni badala ya Bagamoyo. Kanuni za ujenzi zilizotolewa mwaka huo ziliruhusu upande wa mashariki wa mji nyumba za namna ya Kizungu tu. Hivyo wenye vibanda vya udongo na makuti walikosa nafasi ufukweni. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Mwaka 1914 serikali ilinunua shamba upande wa magharibi ili Waafrika wakae huko, mahali ambapo baadaye paliitwa Kariakoo.

Ni katika mtaa huo uliotengwa kwamba ujenzi wa kanisa lenye mnara na paa la vigae vyekundu ulianza mwaka 1898. Jambo hili halipaswi kufichwa katika kitabu cha shukrani: kanisa lilijengwa kwanza kwa ajili ya Wajerumani waliokaa mjini, katika ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa wakisogezwa mbali.

Vita Kuu iliubadilisha mtaa. Mwishoni mwa Novemba 1914 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga ikulu ya gavana, na mwezi Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa, Wakristo Waafrika ndio walioitunza kazi ya Injili mjini na Uzaramo. Miongoni mwao alikuwa Martin Ganisya, mwalimu aliyewahi kuwa mtumwa. Mwaka 1963 makanisa ya Kilutheri nchini yaliungana kuwa KKKT, na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wachache ikawa Kanisa Kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani.

Barabara ya ufukweni iliyoitwa Azania Front imekwisha kupewa jina jingine; jina la zamani limebaki kwa kanisa. Lakini kivuko na soko la samaki la Magogoni vingalipo. Ingawa Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, alfajiri maelfu bado huvuka kwa pantoni, wakashuka na ndoo, vikapu na mafaili, wakapita karibu na milango ya kanisa. Wale ambao kanuni za mwaka 1891 ziliwaweka mbali ndio walioujaza mtaa huu tena. Milango hiyo ikifunguliwa kwao, kanisa hulipa deni lake kwa Kivukoni.