Ujenzi wa programu kwa skripti

Ujenzi wa programu kwa skripti ni njia ya kuendesha kazi za kuunda programu ya kompyuta, yaani kutafsiri msimbo, kuujaribu na kufungasha matokeo, kwa maelekezo yaliyoandikwa katika lugha ya skripti badala ya lugha ya alama kama XML. Apache Ant, zana ya Java iliyotolewa mwaka 2000, husoma faili la XML. Faili hilo hutaja kazi na utegemezi wake vizuri, lakini sharti au marudio madogo tu hulifanya refu na gumu kusomeka. Zana za skripti huepuka tatizo hilo: Gant iliziita kazi zilezile za Ant kwa lugha ya Groovy; Rake ya Jim Weirich ilitumia Ruby; Gradle ilianza na Groovy, kisha ikaongeza Kotlin. Uhuru huo wa kuandika maelekezo kwa lugha kamili una gharama: skripti isiyodhibitiwa hugeuka programu nyingine ya kutunzwa.

Nchini Kenya njia zote mbili zipo. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, hujengwa kwa Maven, zana nyingine ya ujenzi inayotegemea XML. ODK Collect, programu ya Android ya kukusanyia takwimu nyanjani, hujengwa kwa Gradle.